Kumi na Moja Juu ya Ishirini

Faida, binti yangu, mama yangu,

Saa kumi imepita kidogo. Niko garaji, kwenye kiti cha plastiki, daftari juu ya magoti, simu juu ya sanduku la spana mahali ninapoweza kuiona. Haijalia. Wewe uko upande wa pili wa ukuta. Nasikia unafunga zipu ya sanduku lako, unaifungua, unaifunga tena. Hatua kumi kati yetu na siwezi kuja.

Sababu unaijua. Jana msimamizi alipiga simu kusema dereva niliyekunywa naye chai kule bandarini, Port Botany, amekutwa na korona. Nikakaa kwenye foleni ya magari saa tano nzima ili nipimwe, nikarudi nyumbani, sikuingia ndani. Jibu litakuja kwa simu. Nikiwa nayo, sheria inafunga nyumba yote siku saba, na shule yako ya baleti ya Melbourne imeandika wazi: asiyefika siku ya kwanza, nafasi yake anapewa anayengojea. Treni yako ni kesho asubuhi. Mama yako amenisukumia sahani ya ugali na sombe ya majani ya muhogo kwa fagio, kama mtu anayelisha mbwa mkali. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Mambo ya blanketi, ya kadi ya benki, ya kula kabla ya mazoezi, hayo mama yako amesema na ataendelea kusema kwa simu mpaka uchoke. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja nililolibeba tangu mwezi wa nane. Nilipanga kukuambia kesho, kituoni Rooty Hill, tukingoja treni. Sasa sijui kama kesho nitasimama kituoni. Kwa hiyo soma, na soma polepole, kwa sababu Kiswahili changu cha kuandika ni cha darasa la sita. Neno usilolijua muulize mama yako. Lakini ukifika mahali pa Etiene, soma kwanza peke yako.

Karatasi hizi nimezichana kwenye daftari letu la sinema. Utaona nyuma ya nyingine kuna mistari iliyopandana kama mbuzi. Niliiandika gizani.

Unakumbuka tulivyoanza? Mwalimu wako wa kucheza alituambia wazazi kwamba watoto lazima wawaone wachezaji wakubwa, si kujiona wenyewe kwenye kioo tu. Tiketi za jumba kubwa la mjini zilitushinda bei. Sinema tuliiweza. Jumapili saa tano asubuhi walionyesha baleti ya Ulaya, na ibada yetu inaanza saa nane mchana, kwa sababu kanisa ni la Wazungu na sisi tunaazima zamu. Basi tukawa tunatoka nyumbani tumevaa kabisa: mimi suti ya harusi yangu, wewe kitenge na nywele zimefungwa juu kama kitunguu. Wenzetu mle ndani walivaa kaptula na malapa.

Tangazo lilisema inaonyeshwa moja kwa moja, na mimi nikaamini. Yule dada wa mbele alipoanza kuzunguka juu ya mguu mmoja, nikahesabu mara kumi, kumi na tano, nikaona atavunjika, nikasahau niko wapi. "Yesu, mushike!" Sinema nzima ilisikia. Wewe ukajikunja kwenye kiti ukasema, "Dad!" Na yule bibi wa nyuma yetu mwenye chupa ya chai, ambaye baadaye tulijua anaitwa Joan, akainama sikioni mwangu na Kiingereza chake cha polepole: "Usiogope, bwana. Alishuka salama. Mwezi uliopita."

Ulicheka mpaka ukalia. Ukanieleza kwamba kule walikwisha kucheza, wakalala, wakaamka, wakaenda zao, sisi tunaona kivuli. Nami nikakujibu kwamba Mungu hana saa za Ulaya wala za Sydney, maombi yangu yanaweza kurudi nyuma mwezi mmoja. Hilo naliamini hata leo. Leo nalihitaji kuliko siku ile.

Alama nilizianzisha mimi. Kwetu Uvira, Kongo, kabla ya vita kutufukuza, nilikuwa mwimbishaji wa kwaya, na makanisa yaliposhindana niliitwa kuwa jaji. Tulitoa alama juu ya ishirini kama shuleni. Ishirini ni ya Mungu, kumi na tisa ni ya aliyekufundisha, binadamu anaanzia kumi na nane kushuka. Jaji wa kwaya haangalii mtu, anaangalia mstari. Mguu mmoja ukitangulia, unakata. Mtu akijitokeza mbele, akinyanyua uso watu wamwone yeye, unakata mbili, kwa sababu pale anayepaswa kuonekana ni Mungu.

Nikaichukua kanuni hiyo nikaingia nayo sinema. Wale wasichana wa nyuma, waliokwenda pamoja kama majani ya mti mmoja, niliwapa kumi na saba. Yule wa mbele, ambaye watu wote walikuja kumwona, nikampa tisa.

"Papa, tisa?" Uliniambia kwa Kiingereza, lakini hilo "Papa" lilikuwa la Kiswahili. "Yule ndiye mkubwa wao. Kazi yake ni kuwa mbele."

"Hata mkubwa anaweza kuinamisha kichwa."

Bibi Joan akasikia akataka atafsiriwe. Ulipomtafsiria akashika kifua. "Tisa! Mwambie baba yako, mimi nisingempa hata yeye tisa kwa tai ile."

Ikawa mchezo wetu. Tukifika kanisani wale waimbaji wa besi wananingojea mlangoni: "Mwimbishaji! Leo tena umetoka kuangalia wanaume wenye soksi mpaka kiunoni?" Namjibu Papa Sifa, mmoja wao, kwamba soksi ile yeye angeingiza kidole gumba tu ingepasuka. Tunacheka, tunaingia, tunaomba. Nilidhani ni kicheko tu. Sikujua kwamba kuna mtu mmoja anayesoma alama zangu kama Maandiko.

Mwalimu wako aliniambia mara mbili kwamba darasani unakimbilia mstari wa pili. Kwamba akikuita mbele unakuja na mabega yamejikunja. Unajua nilifanya nini? Nilimshukuru Mungu. Nilirudi nikamwambia mama yako, "Mtoto wetu ana unyenyekevu."

Nimeinuka kidogo kuangalia simu. Hakuna kitu. Zipu yako imenyamaza, labda unakula.

Sasa mwezi wa nane. Unaujua mwezi ule, lakini hukuuona kutoka mahali nilipokuwa nimesimama mimi. Sydney ya magharibi tulifungiwa kuliko wengine, usiku huruhusiwi kutoka, helikopta juu ya mapaa. Mimi nilikuwa na karatasi ya ruhusa kwa sababu konteina hazipumziki. Wewe ulikuwa humu garaji, mwalimu yuko ndani ya simu, simu imeegemea kopo la rangi, umeshika bomba la mazoezi nililolifunga ukutani. Shule ya Melbourne ilitaka video: dakika mbili, peke yako, hakuna mstari wa kujifichia.

Alhamisi ile askari walipita mtaani kwetu. Jeshi, pamoja na polisi, wanapita nyumba kwa nyumba kuangalia nani yuko ndani na nani anahitaji chakula. Waligonga kwetu. Kijana mmoja mwenye chunusi, barakoa imemkaa vibaya, akaniuliza kwa heshima, "Uko salama, bwana?" Hakunifanyia ubaya wowote. Nilimjibu vizuri, nikafunga mlango. Nilikaa chini pale penye viatu. Mama yako alikuwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wewe ulikuwa humu na muziki, hukusikia.

Hapa ndipo pa Etiene.

Ilikuwa Alhamisi pia, mazoezi ya kwaya, miaka mitano kabla hujazaliwa. Mwimbishaji nilikuwa mimi. Siku ile malaria ilikuwa imenikausha koo, nikampa rafiki yangu Etiene fimbo ya kuongozea, nami nikaenda kukaa mstari wa tatu kati ya waimbaji wa tenori. Watu wenye bunduki wakaingia. Hawakupiga kelele. Mmoja akauliza, "Mkubwa wa hawa ni nani?"

Kila mtu mle alijua ni nani. Hakuna aliyesema. Etiene alikuwa amesimama mbele peke yake, fimbo mkononi. Akageuka akanitazama. Hakunionyesha kwa kidole, hakusema jina langu. Alinitazama tu.

Nami nikainamisha kichwa, nikatazama viatu vyangu.

Wakamchukua abebe mizigo yao kwenda milimani. Hakurudi. Mama yake aliniuliza miezi mingi, "Kwa nini yeye? Yeye si mwimbishaji." Nikamwambia Mungu anajua. Ni kweli Mungu anajua. Lakini na mimi nilijua.

Mama yako anajua nusu ya habari hii. Nusu nyingine ndiyo uliyoisoma sasa. Sikuandikii ili unihurumie, wala sikuombi msamaha ambao si wako kuutoa. Nakuandikia ili ujue kanuni yangu ilitoka wapi. Tangu siku ile niliishi mstari wa tatu. Kambini Tanzania, kwenye foleni ya mahindi, kwenye ofisi za wakimbizi, hapa kazini wakitafuta kiongozi wa madereva: kichwa chini. Nilimwona anayesimama mbele kama mtu aliyekwisha kuchukuliwa. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kanisa, niliuvalisha woga wangu kanzu nzuri nikauita unyenyekevu. Unyenyekevu wenyewe sijui kama nimewahi kukutana nao.

Basi jioni ya siku ya wale askari ukaingia jikoni na simu yako. Uso wako ulikuwa unawaka. Miaka yote tuliwapa alama wengine. Siku ile kwa mara ya kwanza uliniuliza yako. "Papa, tazama. Ngapi?"

Nilitazama. Ulikuwa umesimama karibu kabisa na simu, kidevu juu, macho yako yananitazama mimi, huniachi. Nikamwona Etiene. Naapa, mwanangu, dakika mbili zote nilimwona Etiene.

Nikasema, "Kumi na moja. Unajionyesha sana."

Ulisema "Okay." Hilo tu. Ukarudi garaji.

Kesho yake ukapiga video nyingine, na ndiyo uliyoituma. Hukuniambia, lakini nilijua, na tangu jana nakaa juu ya ushahidi. Sakafuni humu kuna misalaba miwili ya tepu ya bluu. Mmoja uko mbele, karibu na kopo la rangi. Mwingine uko nyuma hatua mbili, penye giza la kabati. Ule wa nyuma ndio wa video ya pili. Mtoto wangu, ulirudi nyuma hatua mbili kwa ajili ya namba yangu.

Shule ikajibu kwamba wanakuchukua kwa majaribio, muhula mmoja. Ulimsomea mama yako mezani, mimi nikijifanya natafuta chumvi: ana nguvu, ana sikio, lakini anajificha; mwisho wa muhula atacheza peke yake mbele yetu, ndipo tutaamua. Mama yako akaruka kwa furaha. Wewe uliangalia sahani. Hukunitazama hata kidogo, na hukunilaumu, si siku ile wala baadaye. Ningependa ungenilaumu.

Tulipofunguliwa, mwezi wa kumi na mbili, tukarudi sinema. Unakumbuka tulikuwa watu tisa tu, barakoa usoni, viti vimefungwa utepe kimoja ndiyo kimoja hapana. Bibi Joan alikuwa amekonda. Alikaa mbali nasi viti viwili na chupa yake. Na kile walichoonyesha kilichezwa wakati Ulaya nayo imefungwa: yule dada yuko peke yake jukwaani, hakuna mstari nyuma yake, na kamera ilipogeuka tukaona viti vyote vya jumba lile ni vitupu. Muziki ulipokwisha tulisikia pumzi yake. Akanyanyua uso, akavitazama viti vitupu kutoka upande huu mpaka upande ule, taratibu, kama mama anayehesabu watoto.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Joan akaniita kwa sauti ya chini, "Ngapi leo, bwana? Na usiniambie tena habari ya kichwa."

Nikaifunika kalamu. Naye akasema, wewe ulimsikia: "Mume wangu alikufa mwezi wa tisa. Niliagana naye kwenye simu, nesi ameishika, alikuwa anaangalia dari. Huyu msichana ndiye mtu wa kwanza kunitazama hivi tangu siku ile. Angeinamisha kichwa, nani angenitazama?"

Faida, nimesoma tangu utoto habari ya yule mfalme aliyecheza mbele ya sanduku la Bwana kwa nguvu zake zote, na mke wake dirishani akamdharau moyoni. Maisha yote nilijihesabu upande wa mfalme, kwa sababu mimi ni mtu wa nyimbo. Pale kwenye kiti cha sinema niligundua kwamba miaka yote mimi nilikuwa dirishani, na daftari.

Kwenye gari uliniuliza, "Hukumpa alama?" Nikakujibu bado nafikiri. Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa najua tayari. Nilishindwa kusema, kama kawaida yangu.

Sasa nasema. Video ya kwanza ndiyo ilikuwa ya kweli. Ungetuma ile, ungekuwa unakwenda Melbourne kesho bila neno majaribio. Aliyekurudisha nyuma ni mimi, na si kwa sababu ulicheza vibaya. Ulicheza vizuri mpaka nikaogopa.

Sikuambii usiogope kamwe. Nisingejificha mara nyingi, wewe usingezaliwa. Ukiona hatari ya kweli, kimbia, jifiche, usione haya. Lakini jifunze kutofautisha, jambo ambalo baba yako alishindwa. Waliokaa gizani mbele ya jukwaa si askari. Wengi wao ni Bibi Joan. Siku ile ya mwisho wa muhula, wale waamuzi watakapokuita peke yako, mwili wako utataka kurudi hatua mbili, kwa sababu nimeufundisha hivyo tangu una miaka kumi na mitatu. Ukiusikia unarudi, ujue ni miguu yangu hiyo, si yako. Iambie, "Papa, kaa chini."

Ngoja. Simu.

Nimeisoma mara tatu. Nimevaa miwani nikaisoma ya nne. Jina langu ni langu, tarehe ya kuzaliwa ni ile waliyonipa kambini. Sina. Sina korona, Faida. Asifiwe Mungu wa saa zote. Unakwenda.

Utavumilia mwandiko. Ningeweza kufungua mlango huu sasa hivi. Lakini najijua: nitakukumbatia, nitalia, nitaanza habari ya sweta, na haya yote yatabaki daftarini kama yalivyobaki kwenye gari. Kwa hiyo namaliza kwanza.

Ile video ya kwanza uliifuta kwenye simu yako, nilikuona. Lakini jioni ile ulikuwa umenitumia ili niitazame vizuri, na mimi sikuifuta. Nimeitazama bandarini ndani ya kamyo yangu, nikingoja konteina, siku nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Nimekutumia sasa hivi. Ndiyo hiyo, nimesikia simu yako imelia. Huyo msichana ndiye nataka apande treni kesho.

Kwenye daftari nimeifuta kumi na moja. Sikuandika namba nyingine. Jaji aliyekaa chini penye viatu hana haki ya kuandika namba.

Na msalaba wa nyuma nimeubandua sakafuni. Tepu ilishika kweli, nimeikwangua kwa kisu. Wa mbele nimeuacha.

Muziki wako nausikia kupitia ukuta, umeufungua. Usiuzime. Nasukuma karatasi hizi chini ya mlango. Ukimaliza kusoma, mlango ufungue wewe, uingie, upite mpaka kwenye msalaba wa mbele. Mimi nimesimama huku nyuma penye kabati, na kichwa changu kiko juu. Nakutazama.

Papa